Hadi Mizani Itulie

Ukifika soko kuu la Kisangani mapema, kabla jua halijapanda, utawakuta akina mama wa ngadiadia, punje chungu ya msituni, wakichambua mali yao. Kila punje hushikwa kwa vidole viwili, hubonyezwa, hugeuzwa, hunuswa. Iliyolegea huwekwa kando. Ile ngumu, yenye ngozi ya kahawia iliyokaza, hurudishwa ndani ya majani ya mangongo yaliyonyunyiziwa maji, kwa maana mnunuzi wa ngadiadia huitaka mbichi, ivunjike kwa jino na kutoa sauti. Mama mmoja ambaye nimekuwa mteja wake tangu ujana aliwahi kuniona nikitafuna kwa pupa, akanishika mkono. "Mwanangu, hii haitafunwi mbio. Acha uchungu upite kwanza."

Walinzi wa usiku huitafuna wasisinzie. Wanafunzi huitafuna wakati wa mitihani, na vijana wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, huitia mfukoni kabla ya kuanza kukanyaga mjini toka Makiso hadi Kabondo. Wanaume wazee wana sababu zao nyingine. Mti wenyewe ni wa msitu wetu, unajulikana na wanasayansi kwa jina la Garcinia kola: shina lililonyooka, utomvu wa manjano unaonata, tunda la ukubwa wa chungwa, na ndani ya tunda punje mbili, tatu, nne. Wengi huuchanganya na mti wa likasu kwa sababu punje zake huuzwa kwenye meza moja na jina la kola limeikumba yote miwili, lakini miti hiyo haina hata ukoo mmoja.

Swali lililonifanya niifuate punje hii nje ya soko lilitoka kwa mama mkubwa wangu, anayeishi Mangobo, papa hapa mjini. Amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Jicho lake la kulia limeanza kuingiwa na ukungu, na usiku nyayo zake zinawaka kama amekanyaga majivu ya moto. Mtu alimwambia kwamba ngadiadia husafisha jicho la mwenye sukari. Aliniuliza kama ni kweli, akangoja jibu akinitazama kwa lile jicho la kushoto. Sikutaka kumjibu hivi hivi.

Ili kuelewa anachoulizia, ingia kwanza ndani ya lenzi ya jicho. Lenzi haina mishipa ya damu, na sukari huingia ndani yake bila kungoja ruhusa ya insulini. Damu ikijaa sukari, lenzi nayo inajaa. Humo ndani mna kimeng'enya kinachoitwa aldosi reduktesi, ambacho huigeuza sukari hiyo kuwa kitu kingine, sorbitoli. Sukari iliingia kwa urahisi. Sorbitoli kutoka haiwezi kwa urahisi. Inarundikana na kuvuta maji. Nyuzi za lenzi zinavimba, mpangilio wake unavurugika, na mwanga uliokuwa ukipita kama kwenye kioo safi unaanza kukwama. Mwaka 1959 Ruth van Heyningen wa Oxford aliikuta sorbitoli hiyo ndani ya lenzi za panya wenye kisukari, na tangu hapo watu wakaanza kutafuta kitu cha kumzuia yule mgeuzaji asifanye kazi yake. Njia hiyohiyo ya sorbitoli ipo kwenye mishipa ya fahamu, na ni sehemu ya maelezo ya zile nyayo zinazowaka.

Si jambo la watu wachache. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 537 duniani wana ugonjwa huu, milioni 24 kati yao barani Afrika, na kwamba hapa Afrika zaidi ya nusu yao hawajapimwa wakajua. Asiyejua huja kujulishwa na jicho, na figo, au na kidonda cha mguu kisichofunga.

Ngadiadia inaingilia hapo. Mwaka 1990 mfamasia wa Nijeria, Maurice Iwu, na wenzake walichapisha kazi juu ya mchanganyiko wa flavonoidi uliotolewa katika punje za Garcinia kola, nao unaitwa kolaviron. Waliwapa sungura sindano ya tumboni, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Sungura wazima walishuka kutoka miligramu 115 za sukari katika mililita 100 za damu hadi 65, kwa saa nne. Sungura waliopewa alokisani, sumu inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, walishuka kutoka 506 hadi 285 ndani ya saa kumi na mbili. Kisha wakachukua kile kimeng'enya cha lenzi ya panya, wakakiwekea kolaviron, nacho kikazuiwa na kiasi kidogo sana. Kimeng'enya kilekile cha ukungu wa jicho. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda, nikiikumbuka meza ya yule mama wa soko.

Lakini namba kama 506 na 285 hazina maana yoyote kama hujui ni mikono gani iliyozizaa. Na mikono hiyo ndiyo iliyoniteka. Nimepitisha miezi kadhaa nikiwatazama watu wa kazi hii hapa mkoani Tshopo, na kila nilipodhani nimeona hatua ya kwanza, niliambiwa kuna nyingine kabla yake.

Hatua iliyo kabla ya zote ni jina. Chukua kongobololo. Bololo kwa Kilingala ni uchungu, na uchungu msituni hauna mwenyewe mmoja. Katika maandishi ya wanasayansi wa Kinshasa, kongobololo ni Morinda morindoides, mmea unaopanda juu ya wenzake. Mimi nimewahi kuuziwa kwa jina hilohilo majani ya Vernonia amygdalina, ambayo ni kichaka kinachosimama chenyewe. Mganga anayekwenda mwenyewe porini hakosei, kwa sababu jicho lake linaujua mmea wake. Anayekosea ni yule anayeandika jina tu katika daftari, akaenda nalo maabara, akapata matokeo mazuri, na miaka kumi baadaye mtu mwingine akanunua jani tofauti kwa jina lile.

Dawa ya kosa hilo iko Yangambi, karibu kilomita mia moja kutoka Kisangani ukishuka na mto. Wabelgiji walianzisha pale mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, leo INERA, na ndani yake kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa, karatasi zipatazo 150,000. Watu husema namba hiyo kwa mshangao kisha hupita. Mimi naomba tusimame kwenye karatasi moja.

Aliyeitengeneza alipanda mti, au alimpandisha kijana mwepesi, akakata tawi dogo lenye majani na ua au tunda, kwa sababu majani peke yake yanadanganya. Alilitandaza juu ya gazeti. Jani moja aliligeuza tumbo juu, ili atakayekuja baadaye aone pande zote mbili bila kuligusa. Tunda nene alilikata nusu. Akafunika kwa gazeti jingine, akaweka kadibodi, akabana kwa mbao na mikanda, akalisogeza bunda lote karibu na moto wa makaa, mbali kiasi cha kutoungua, karibu kiasi cha kutoota ukungu. Kila siku alibadilisha magazeti yaliyolowa. Akiwa mbali na moto, aliloweka bunda zima kwa pombe kali na kulifunga lisipitishe hewa. Njia hiyo bado inaitwa kwa jina la Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyefika kwa Wamangbetu wa Uele, jirani zetu wa kaskazini, mwaka 1870. Tawi likikauka lilishonwa kwa uzi kwenye karatasi nene. Kisha kibandiko: namba, tarehe, mahali, urefu wa mti, rangi ya utomvu, harufu, jina la wenyeji. Rangi na harufu huandikwa palepale porini, maana ndivyo vitu viwili ambavyo kukausha hakuvihifadhi.

Karatasi hizo zimepita uhuru, zimepita uasi wa 1964, zimepita vita vilivyoanza mwaka 1996 na mabomu ya Juni 2000 yaliyotikisa Kisangani kwa siku sita. Zimepita kwa sababu kulikuwa na watu waliobaki kuzitunza, wakizipangusa vumbi na kuwatoa wadudu wakati nchi nzima ilikuwa ikikimbia. Kazi yao haina mshangilio. Leo mkemia yeyote akitaka kusema "nimetumia Garcinia kola", analeta tawi lake, linawekwa kando ya tawi la zamani, mtu mwenye jicho anainama, anahesabu mishipa ya jani, na ndipo sampuli inapewa namba. Namba hiyo huandikwa katika kila makala itakayofuata, na yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kuliona tawi lenyewe.

Kutoka hapo nilikwenda kukaa katika maabara ndogo ya mjini, kwa fundi mmoja aliyeniruhusu kutazama kwa sharti kwamba nisimtaje. Ni mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kwanza alimenya punje, akazikata vipande vyembamba vya unene uleule, kwa kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri. Unene sawa, kwa sababu kipande kinene hukauka nje na kuoza ndani. Akavitandaza kivulini. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na hewa yake ina maji kiasi kwamba chumvi mezani haikai kavu. Huku, kukausha ni nusu ya ufundi wote. Asubuhi na jioni alivigeuza. Mvua ikinyesha, na hunyesha, alivihamishia kwenye sanduku lenye balbu ya taa. Hakutazama kalenda. Siku aliyochukua kipande, akakivunja karibu na sikio na kusikia mlio aliokuwa akiungoja, akasema, "Sasa."

Kinu kilikuwa cha mbao, mchi wa mbao, unga ukachekechwa mara mbili. Akapima. Akaandika. Akapima tena.

Halafu kikaja kifaa ambacho ningeweza kukitazama siku nzima. Kilibuniwa mwaka 1879 na Franz von Soxhlet, mkemia aliyekuwa akitaka kujua maziwa yana mafuta kiasi gani, na tangu hapo hakijabadilika sana. Chini kuna chupa ya kimiminika inayopashwa moto. Mvuke hupanda kwa mrija wa pembeni, hukutana juu na kioo kinachopozwa kwa maji, hugeuka matone, na matone huanguka katikati, ndani ya kifuko cha karatasi nene chenye unga. Chumba hicho cha katikati hujaa polepole. Kimiminika kikifika kimo cha mrija uliopinda, chote kwa mkupuo hujivuta na kurudi chini, kikiwa kimebeba kilichokichota. Kisha kuanza upya. Unga unaoshwa kwa kimiminika safi kila mara, na kilichochotwa kinabaki chini. Nilihesabu mizunguko kumi na mmoja kabla ya kusahau kuhesabu.

Kimiminika cha kwanza kilikuwa etha ya petroli, na kazi yake ni kuondoa mafuta tu. Kinachotafutwa kimebaki kwenye machicha. Mtu mwenye haraka angeruka hatua hii, na mafuta yangemfuata hadi mwisho, yakimpa kitu kinachonata kisichopimika. Fundi alianika machicha hadi harufu ya petroli ikatoka, akayarudisha kwenye kifuko, safari hii kwa asetoni. Rangi ilibadilika mbele ya macho yangu: tone la kwanza kama chai hafifu, la kumi kama mawese mapya.

Alipopunguza asetoni, akaongeza maji mara mbili ya ujazo, akamimina yote kwenye chupa yenye umbo la pea na bomba chini, akatia asetati ya ethili. Akaziba, akaipindua chupa, akafungua bomba kidogo ili hewa itoke kwa mfyonyo, akafunga, akapindua tena. Mkono mmoja unashika kizibo, mwingine bomba, na chupa hailali mezani hata dakika. Kisha akaitundika, tukangoja. Tabaka mbili zilijitenga taratibu: maji chini, asetati juu, na kati yao ukungu mwembamba. "Usifungue kabla mstari haujawa mstari," aliniambia. Tulingoja robo saa ili mstari uwe mstari. Vitu vinavyopenda maji vilibaki na maji, sukari za punje na chumvi zake. Kolaviron ilipanda na asetati. Na asetati ilipovukizwa, kwenye kuta za kioo ukabaki unga mkavu wa rangi ya dhahabu, kiganja kimoja hivi, kutoka kwenye punje zilizojaza beseni.

Ng'ambo ya mto, Lubunga, namfahamu mzee anayetibu kwa magome. Nilimweleza yote haya na hakushangaa. Yeye huloweka gome moja kwa maji ya moto na jingine kwa lotoko, pombe kali ya kienyeji, na alinieleza kwa nini: "Kuna dawa inayokubali maji, na kuna isiyotoka mpaka uipe pombe." Hana neno flavonoidi, lakini amefika kwenye ukweli uleule kwa kuonja na kutazama wagonjwa, na kwa kufundishwa na baba yake. Gome hulibandua upande mmoja tu wa mti, ukanda usiozidi upana wa kiganja, kisha hulipaka jeraha tope, kwa maana mti ukizungushiwa kisu hufa. Dozi yake ni kifuniko cha chupa moja ya zamani ambayo haiazimishi. Nilimwuliza kwa nini isiwe kifuniko kingine chochote. Akanitazama kwa huruma. Mzani wake ndio ule.

Naheshimu kazi ya mzee na naheshimu kazi ya fundi, lakini sitasema ni kitu kimoja. Mzee anajua nini kilimsaidia mgonjwa aliyerudi. Yule ambaye hakurudi hamjui. Fundi, na wale wanaomfuata wenye sungura na panya na hatimaye watu waliokubali kujaribiwa, wanalazimika kumhesabu na huyo.

Tumeona haraka inavyofanya. Mwaka 1999, kwenye kongamano la mimea huko St. Louis, Iwu huyohuyo alieleza kwamba kitu kutoka Garcinia kola kilizuia virusi vya Ebola katika majaribio ya chombo cha maabara. Ugonjwa huo tunaujua vizuri. Ulipata jina mwaka 1976 baada ya mlipuko wa Yambuku, kaskazini ya Bumba, tunakopita tukishuka na mto. Mlipuko wa Afrika Magharibi ulipofika Nijeria mwaka 2014, watu walikimbilia sokoni kununua orogbo, ngadiadia yao, waitafune. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba kuitafuna kunamkinga mtu. Kati ya chombo cha kioo na mdomo kuna tumbo, ini, damu, na kipimo, na hakuna hata kimoja kinachorukwa.

Hata kwa kile kimeng'enya cha jicho, viwanda vikubwa vimejaribu. Dawa iliyoitwa tolrestat ilifika sokoni katika nchi kadhaa ikaondolewa kwa sababu ya kudhuru ini. Epalrestat iliruhusiwa Japani mwaka 1992 kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na bado inatumika huko. Na vidonge vyenyewe vya mama mkubwa, metformini, vina bibi yao shambani: Galega officinalis, mmea wa Ulaya wenye kemikali ya kushusha sukari lakini yenye sumu. Wakemia wa Dublin walitengeneza metformini mwaka 1922. Ilingoja hadi 1957 ndipo Jean Sterne wa Paris alipochapisha kwamba inawafaa wagonjwa. Miaka 35 ilikaa kwenye makabati.

Hayo ndiyo niliyomweleza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Kwamba sungura si yeye. Kwamba sindano ya kolaviron si punje ya kutafuna. Kwamba vidonge asiviache hata siku moja, miguu aikague kila jioni kwa mwanga mzuri, na ukungu wa jicho upelekwe kwa daktari wa macho, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Nikamwambia pia kwamba aliyemwambia habari ya ngadiadia hakuwa mwongo mtupu. Kuna watu wanaolifanyia kazi swali lake kwa uaminifu, na nikamsimulia kifaa cha Soxhlet, ule mrija unaojivuta kwa mkupuo. Akataka nirudie sehemu hiyo. Nikairudia kwa mikono.

Siku ya mwisho nilirudi maabara kumuaga fundi. Alikuwa akikausha ule unga wa dhahabu. Aliutoa kwenye kikaushio, akauacha upoe ndani ya chombo kilichofungwa usinywe unyevu wa hewa, akaupima, akaandika kwa penseli, akaurudisha. Baada ya saa moja akaupima tena: umepungua kidogo, kwa hiyo bado una maji au asetati ndani yake. Akaurudisha. Umeme ulikatika jioni ile, akangoja hadi uliporudi, akaanza upya kuhesabu saa. Nje wapiga toleka walikuwa wakiita abiria wa mwisho. Akautoa, akangoja upoe, akauweka kwenye mizani na kuinama hadi pumzi yake isiuguse. Namba ilicheza, ikatulia. Ilikuwa sawa na ile ya kabla yake. Akavua miwani, akaandika uzito.